Je, Wajua: Gramu Moja na Nusu za Dizaina

Mwaka 1720, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amejifunza kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha jijini London aliamua kujitegemea. Alijitengenezea kadi. Alichonga jina lake, W. Hogarth, akaongeza kazi yake na tarehe 23 Aprili 1720, kisha akavizungushia mapambo na sanamu za watu kwa mkono usiotetemeka. William Hogarth alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wanaotajwa sana katika historia ya Uingereza, na sheria ya mwaka 1735 iliyowalinda wachongaji dhidi ya wezi wa michoro mpaka leo huitwa kwa jina lake. Siku ile lakini alikuwa dizaina anayejiajiri, anayetafuta wateja.

Mteja aliyetaka kujua kama kijana huyu anaweza kuchonga hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu alikuwa ameshika jibu. Hapo ndipo kadi ya dizaina inapoachana na kadi za watu wengine. Seremala akikupa kadi mbovu utamsamehe, maana yeye anauza vitanda. Wakili mwenye kadi ya fonti tano atashinda kesi vilevile. Dizaina akikupa kadi iliyokatwa upogo amekuonyesha kazi yake kabla hujamwomba mfano. Ndiyo maana kitu hiki kidogo kinastahili kuchunguzwa namna tunavyochunguza mashine: kina vipimo, kina malighafi, na kina mahali pake pa kuharibikia.

Tubaki London kidogo. Bwana aliyemfundisha kazi Hogarth, mfua fedha Ellis Gamble, naye alichongewa kadi na mwanafunzi wake. Duka lake lilijulikana kwa alama ya Malaika wa Dhahabu, na kadi ikamchora malaika huyo, chini yake maelezo kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwa kuwa mitaa ile ilikuwa na wakimbizi wengi kutoka Ufaransa. Kwa nini malaika? Kwa sababu nyumba nyingi za London hazikuwa na namba hadi miaka ya 1760. Mtu alifika dukani kwa kufuata picha iliyoning'inia mlangoni, na kadi ilibeba picha hiyohiyo ili macho yaikumbuke.

Msomaji wa Mwananyamala au Eastleigh hapo anatabasamu. Sisi tunaujua uchumi wa "mkabala na kituo cha mafuta, ghorofa ya pili, ulizia kwa fundi simu". Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, na vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba vimeenea, lakini mgeni bado huelekezwa kwa msikiti, mbuyu au baa. Kadi nyingi za Afrika Mashariki zinapoteza robo ya nafasi yake kwa S.L.P. ambayo mwenyewe ameiazima kwa shule au kanisa na haendi kuifungua. Kwa dizaina anayefanyia kazi nyumbani, mstari huo ufutwe. Mahali pake liandikwe jina la eneo na mji, namba ya simu inayotumika pia kwa WhatsApp, na mahali ambapo kazi zake zinaonekana.

Sasa vipimo. Kadi ya nchi nyingi za Ulaya ni milimita 85 kwa 55. Ya Marekani ni inchi 3.5 kwa 2, yaani karibu milimita 89 kwa 51. Japani hutumia 91 kwa 55. Kwetu tumechanganya, na katika maduka ya uchapaji utakutana na 85 kwa 55 pamoja na 90 kwa 50. Hakimu wa ugomvi huu ni pochi. Kadi ya benki duniani kote ina urefu wa milimita 85.60 na kimo cha 53.98, na vijifuko vya pochi vimeshonwa kwa kipimo hicho. Ya 85 kwa 55 inaingia bila kelele. Ya 90 inatokeza kichwa, na baada ya wiki mbili pembe zake zimechakaa. Kadi ya mraba, ambayo madizaina wachanga huipenda, haina mfuko wa kukaa. Hulala mezani mpaka siku ya kufagia.

Uzito nao unahesabika. Karatasi hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Ile ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80, na kwa kuwa A4 ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba, karatasi moja ina gramu 5 kamili. Kadi nzuri hutumia gramu 300 hadi 350. Ukizidisha kwa eneo la kadi unapata gramu moja na nusu hivi. Chini ya 250 kadi hulegea vidoleni, na mpokeaji anausoma unafuu huo kabla hajasoma jina.

Karatasi si kitu kimoja pande zote, na hapa pwani jambo hili lina gharama. Inapotengenezwa, majimaji yenye nyuzi za mti humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hujipanga kufuata mwendo wa wavu. Chukua gazeti ulichane kutoka juu kwenda chini: litachanika karibu mstari mnyoofu. Lichane kwa upana na mchano utakwenda zigizaga. Uzi wa karatasi ukinyonya unyevu hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Vyumba vya uchapaji vilivyopangwa vizuri hujaribu kubaki karibu na unyevu wa asilimia 50. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hewa ya nje hupanda juu ya hapo kwa miezi na miezi.

Matokeo yake ni kadi inayojikunja. Mkosaji mkubwa ni laminesheni ya upande mmoja. Plastiki imeziba uso wa mbele, unyevu hauingii. Mgongo uko wazi na unanywa hewa ya bahari. Mgongo unatanuka, uso haufuati, na kadi inajipinda kuelekea kwenye plastiki. Zilizofungwa vizuri katika sanduku hutulia. Zilizowekwa wazi juu ya kaunta Zanzibar zitakuwa zimeinama zote kuelekea upande mmoja. Tiba ni moja kati ya mbili: ziba pande zote, au usizibe wowote. Mimi nachagua la pili, kwa sababu nitakayoieleza.

Ule weupe na ulaini wa karatasi ya glosi ni udongo. Uso wa karatasi hupakwa kaolini au kalisiamu kaboneti ili kuyafukia mabonde yaliyo kati ya nyuzi, wino ukae juu badala ya kuzama. Kaolini yenyewe si ngeni kwetu: vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vinajulikana kwa hazina yake ya udongo huo mweupe. Karatasi isiyopakwa hunywa wino zaidi, rangi hufifia kidogo na kingo za herufi hunenepa, lakini vidole huipenda.

Kisha linakuja suala la rangi, na hapa ndipo ugomvi kati ya dizaina na mchapaji huzuka karibu kila siku. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga: nyekundu, kijani na buluu vikijumlishwa vinazaa nyeupe. Karatasi haitoi mwanga. Inarudisha ule unaoiangukia, na kila tone la wino hupunguza. Mashine hutumia wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na wino hizo haziwezi kufika kila mahali mwanga unapofika. Kijani kile kikali cha kwenye simu hakipo karatasini. Buluu nzito ya umeme hugeuka kuwa ya zambarau. Mchapaji hajakosea, na mashine haijaharibika. Dizaina alichagua rangi ambayo maumbile ya wino hayana, na mteja ambaye kadi hiyo ilikusudiwa kumvutia anaiona imepauka.

Kuna kosa jingine la siri zaidi. Herufi nyeusi zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa wino zote nne huonekana nzuri kwenye kioo. Mashinani, kila wino hupigwa peke yake, na karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita kati ya rangi moja na nyingine, namba ya simu inapata kivuli cha pinki upande mmoja na cha samawati upande wa pili. Kwa bango la barabarani hakuna atakayegundua. Kwa herufi yenye shina la robo milimita, kivuli hicho ni balaa. Maandishi madogo yapigwe kwa wino mweusi peke yake, na maandishi meupe juu ya giza la rangi nne yawe manene, au yaachwe kabisa.

Mashine zenyewe ni za koo mbili. Ukoo wa ofseti ulianza na Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia wa Munich aliyetafuta njia rahisi ya kuchapa kazi zake, na mwaka 1796 akagundua kwamba mafuta na maji kukataana kunatosha kuchapia: sehemu yenye mafuta inashika wino, sehemu yenye maji inaukataa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Ira Rubel aliona kwamba karatasi ikikosa kuingia, picha huhamia kwenye mpira wa mashine, na karatasi inayofuata hupata picha safi zaidi kutoka kwenye mpira kuliko kutoka kwenye bamba. Ofseti ya leo bado inafanya hivyo, kwa mabamba ya aluminiamu, moja kwa kila wino. Mabamba hayo yana gharama ile ile uchape mia au elfu kumi.

Ukoo wa pili ni wa tona. Chester Carlson alipata picha yake ya kwanza Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, kwa kuchaji bamba kwa umeme tuli na kunyunyizia unga unaonata penye chaji. Printa kubwa za kidijitali nyingi ni wajukuu wa bamba lile. Hazihitaji mabamba ya kutengenezwa, kwa hiyo kadi mia zinawezekana. Kwa dizaina anayeanza hilo ni jambo kubwa: namba ya simu, jina la biashara na hata ladha yake vitabadilika kabla hajamaliza elfu moja. Anayekuambia elfu ndiyo bei nafuu anasema kweli kuhusu kadi moja moja, na anakuachia sanduku la kadi za namba ya zamani.

Kwenye karatasi kubwa ya printa hizo, ile ya milimita 320 kwa 450, kadi 21 hupangwa tatu tatu kwa safu saba, kisha kisu kinaingia. Kisu ndicho mwalimu mkali kuliko wote. Gilotini hukata rundo zima kwa mpigo mmoja. Karatasi za chini husogea kidogo, na rundo huweza kwenda pembeni milimita moja. Kwa hiyo rangi ya mandhari hurefushwa milimita 3 kila upande nje ya mstari wa kukatia, na faili la kadi ya 85 kwa 55 linakuwa 91 kwa 61. Asiyefanya hivyo anapata uzi mweupe ukingoni. Kwa upande wa ndani, maandishi yasogee angalau milimita 4 kutoka ukingoni.

Na fremu, tafadhali. Watu wanapenda kuzungushia kadi mstari mwembamba milimita 2 kutoka ukingoni. Kisu kikihama milimita moja tu, upande mmoja unabaki na 1 na mwingine 3, na jicho hugundua tofauti hiyo mara moja hata kama mwenye jicho hajui nini kinamkera. Kadi isiyo na fremu ingehama vilevile na hakuna ambaye angejua.

Jicho nalo lina vipimo vyake. Lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii, ambayo kwa umbali wa sentimita 40 ni karibu milimita 0.12. Picha iliyochapwa ni nukta, kwa kawaida safu 150 katika kila inchi, na ndiyo sababu tunaombwa picha za pikseli 300 kwa inchi: mbili kwa kila nukta. Kwa kadi yetu hiyo ni pikseli 1,004 kwa 650 hivi, kabla ya kuongeza ukingo. Nembo iliyochukuliwa WhatsApp haifiki huko.

Herufi za ukubwa wa pointi 7 zina kimo cha jumla cha milimita 2.5, lakini herufi ndogo kama "a" yenyewe ina milimita 1.2 tu. Dizaina wa miaka 24 anaisoma bila shida na kuiona maridadi. Lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na watu wengi waliovuka miaka 40 husogeza karatasi mbali ili waone. Wanaosaini hundi, kwa bahati mbaya, wengi wamevuka. Namba ya simu isishuke chini ya pointi 8, na ipangwe kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, ili mteja wa Kigali au Muscat asianze kubahatisha.

Msimbo wa QR sasa umekuwa mkazi wa kudumu. Ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Miraba mitatu ya pembeni ndiyo siri ya kasi yake: mstari wowote unaopita katikati ya mraba hukutana na nyeusi na nyeupe kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, uwiano ambao Hara na wenzake waliuchagua baada ya kuona ni nadra sana kwenye maandishi yaliyochapwa. Data yake huongezewa hesabu ya kujirekebisha, na katika kiwango cha juu msimbo husomeka hata karibu asilimia 30 yake ikichafuka. Ndiyo maana watu huweza kuweka nembo katikati.

Wengi huujaza kupita kiasi. Ukiweka ndani yake jina, cheo, simu mbili, barua pepe na anwani, herufi 200 hivi, msimbo wa kiwango cha kati wa kujirekebisha unahitaji vijiraba 57 kila upande. Ongeza nafasi nyeupe ya vijiraba 4 kila ukingo, uchape kwa sentimita 2, na kila kijiraba kinabaki na milimita 0.3. Tona ikitanda kidogo, simu ya bei nafuu yenye kamera iliyokwaruzika inashindwa. Anwani fupi ya tovuti isiyozidi herufi 26 inatosha kwenye vijiraba 25, na kila kimoja kinapata milimita 0.6. Tena iwe anwani yako mwenyewe. Huduma za kukutengenezea msimbo unaopitia kwao hukata njia siku usipolipa ada, na kadi zote ulizokwisha kugawa zinakufa kwa pamoja.

Lipa namba je? Nimeiona kwenye kadi za mafundi na wauza vyakula, na huko inafaa, mteja analipa papo hapo. Kwa dizaina inawahi mno. Mtu anataka kwanza kukujua, kisha ankara.

Rudi kwenye ule mgongo usiozibwa. Japani kadi hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, na kuiandika mbele ya mwenyewe ni utovu wa adabu. Mikono miwili tunaielewa vizuri, ndivyo tunavyopokea kitu cha mkubwa. Kuandika, hapana: kwetu kadi inayoandikwa ndiyo inayoishi. Mtu aliyezunguka mabanda ya Sabasaba siku nzima ana kadi thelathini mfukoni, na atakayoikumbuka ni ile aliyoandika nyuma yake "kijana wa nembo ya kahawa, mpigie Jumatatu". Juu ya plastiki kalamu huteleza na wino hupakaa. Nyuma pawe karatasi tupu, na walau nusu yake iwe nyeupe.

Mafaili yakiwa tayari, nenda nayo mwenyewe kwenye matbaa. Kwenye Nasser Road, Kampala, mtaa unaosifika kwa uchapaji, au katika vyumba vya Kariakoo, utamkuta fundi wa gilotini anayejua mambo ambayo hayamo kwenye programu yoyote, na chai moja itakufundisha mengi. Omba achape karatasi moja tu kwanza, aikate. Shika kadi, itazame kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa ya dukani. Kisha toa simu na upige ile namba iliyochapwa, ukiisoma tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye kadi, usiiguse ile iliyohifadhiwa. Simu yako nyingine ikiita, ruhusu zichapwe zilizobaki. Akipokea mama mmoja wa Singida, mwombe radhi, urudi kwenye faili.